Papa Wangu na Chai ya Mama

Kwetu Dundori mtu akikataa chai yako, afadhali angekutukana. Tusi utalisahau. Lakini umpikie mtu chai ya maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hiyohiyo, umwekee kikombe mbele yake, halafu akisukume kando na kusema ameshiba? Hiyo ni kesi ya mwaka mzima, na shangazi wa pande zote mbili lazima waitwe. Ndiyo maana nilipofika nyumbani Desemba na kumkuta mama yangu anakunywa maji moto matupu, katika kile kikombe chake cha bati chenye maua ya buluu, nilijua kuna mtu amemkosea vibaya. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba mtu huyo ni mimi.

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyoleta balaa yote. Mimi ni fundi wa turubai. Nilijifunzia Nakuru mjini, katika karakana iliyoshona turubai za malori ya viazi yanayoteremka kutoka Molo, nikashona mpaka vidole vikaota sugu. Siku moja akaja mteja kutoka pwani aliyekuwa amepitia Naivasha kujaribu upepo wa ziwa. Alikuwa na tiara iliyopasuka. Si tiara ya karatasi na uzi wanayochezea watoto. Hii ilikuwa pana kama sebule yetu, mbavu zake zinajazwa hewa, na inaweza kumvuta mtu mzima na mawazo yake yote juu ya maji. Niliishona. Mteja akaikagua mshono kwa mshono, akatafuta kosa, akakosa. Alikuwa na shule ya mchezo huo huko pwani na tiara zake zilikuwa zinapasuka kila wiki, kwa hiyo akaniomba nikawe fundi wake. Mama hakupinga. Kwake turubai ni turubai.

Kosa langu ni kwamba sikuishia kwenye cherehani. Baada ya kushona tiara mwaka mzima nikataka kujua zinakwenda wapi zikitoka mezani kwangu. Nikajifunza kuogelea, mimi mtu wa baridi ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona karibu yalikuwa ya kunyweshea ng'ombe. Kisha nikajifunza kupanda ule ubao wao. Chini ya ubao kuna mguu mmoja mrefu wa chuma, na mwisho wa mguu kuna mabawa yanayokaa ndani ya maji. Tiara ikivuta, ubao ukashika mwendo, mabawa yanauinua juu, unajikuta umesimama hewani kiasi cha futi mbili kutoka kwenye mawimbi. Kelele zote zinakatika. Unasikia upepo na moyo wako tu. Naupenda mchezo huo kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya maishani, na nasema hivyo nikijua mchungaji wetu anaweza kusoma hapa.

Sasa jaribu kuyaeleza hayo kwa simu, Jumapili mchana, simu imewekwa mezani kwa sauti ya juu na ukoo mzima umeizunguka. Kaka yangu anaendesha mashine ya kuvuna ngano Mau Narok. Kwetu hicho ni cheo. Mashine yenyewe mama anaitaja kwa upendo kama mjukuu: imefanyiwa sevisi, imehamia shamba lingine, imekohoa kidogo lakini imepona. Ikimalizika habari ya mashine inakuja zamu yangu.

"Na wewe bado unacheza kwa hiyo maji?"

"Nafanya kazi, mum."

"Haya. Kazi."

Lile "haya" lilikuwa na uzito wa gunia. Ndipo nikaanza kuleta papa.

Papa wa kwanza nilimwona kwa macho yangu mawili. Nilikuwa narudi ufukweni nikaona pezi jeusi limesimama juu ya maji, linayumba polepole, likinisubiri. Nilipiga kelele ambayo naamini ilisikika mpaka Molo. Nikaivuta tiara vibaya, nikaanguka, nikaogelea kwa mitindo mitatu ambayo haijapewa majina. Nilipofika mchangani nikaoneshwa pezi lenyewe. Lilikuwa bawa la ubao wa mgeni mmoja aliyeanguka, ubao ukapinduka, mguu wa chuma ukaelekea mbinguni. Mgeni alikuwa ameukumbatia ubao huohuo, ananipungia mkono nimsaidie.

Nyumbani nilisimulia habari ya pezi. Ya mgeni niliiacha, kwa kuwa simu ilikuwa inakatakata. Kwa mara ya kwanza tangu niende pwani, mezani pakawa kimya. Hakuna aliyeulizia mashine ya ngano. Ule ukimya ulikuwa mtamu, sitadanganya, hasa kwa kuwa nilikuwa nimeshadanganya.

Papa wa pili alikuwa papa kweli. Nilikuwa juu ya ubao, maji meupe kama kioo, nikaona kivuli kinapita chini yangu na hakimaliziki kupita. Alikuwa mrefu kama lori, mgongo umejaa madoadoa meupe, na mdomo wake alikuwa ameuacha wazi, mdomo wa kumeza gunia la viazi bila kulifungua. Nikaangukia karibu na mkia wake. Nahodha wa mashua ya uokoaji, mzee wa huko huko pwani, alinikuta nimefumba macho nasali kwa lugha ya mama. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Dada, huyo papa shilingi. Hali mtu huyo. Yuala vidudu vya majini, hata macho hayavioni."

"Na ule mdomo?"

"Ule wa kuchujia tu. Wewe hata ukiingia mwenyewe, atakutema."

Jumapili nikaeleza urefu, nikaeleza mdomo. Nikaeleza jinsi nilivyoanguka karibu na mkia. Kila neno lilikuwa la kweli, naweza kuapa mahakamani. Sikutaja tu vidudu.  Mama aliacha simu mezani, nikamsikia akitoka nje, nikadhani ng'ombe analia. Hiyo ilikuwa Aprili.

Desemba nikafika na zawadi zangu na ngozi iliyoungua, nikawekewa chai, na mama akajimiminia maji moto kutoka kwenye chupa nyingine. Huyu ni mwanamke ambaye tangu nizaliwe hajaongea sentensi kamili kabla ya kikombe cha kwanza. Nilimuuliza kama anaumwa tumbo. Akasema hapana. Nikamuuliza kama amekosana na mtu. Akaniuliza kama nimeshiba.

Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani aliyenipasulia siri, siku ya pili, tukiwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa.

"Kwani hajakuambia? Mamako aliweka nadhiri. Hatakunywa chai mpaka wewe utoke kwa hiyo bahari salama, ukae nyumbani. Hata kwa matanga ameikataa. Hata kwa harusi ya mtoto wangu."

"Hata kwa harusi?"

"Nilinuna mwezi mzima mpaka akanielezea maneno ya hao samaki. Tulilia wote."

Basi hiyo ndiyo njia papa wangu waliyopitia kufika Dundori kabla yangu. Kila nyumba aliyokataa chai, mama alilazimika kueleza kwa nini, la sivyo angekosana na mlima mzima. Na kila nyumba ilimpa papa chakula kidogo, akaendelea kukua. Kwenye foleni ileile mzee mmoja alinishika mkono kwa heshima akaniuliza ni ngumi ngapi nilimpiga yule samaki puani. Mimi ngumi sikuwahi kuitaja. Nadhani iliongezwa mahali kati ya kituo cha maziwa na kanisa.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, nikakaa na mama jikoni.

"Mum, kunywa chai."

"Nitakunywa ukitoka kwa hiyo maji."

"Kazi yangu iko huko."

"Na chai yangu iko hapa. Haina haraka. Inaningoja."

"Na kama sitatoka?"

Alipuliza maji yake moto kana kwamba kuna kitu ndani cha kupoza. "Basi nitazoea," akasema. "Mtu huzoea."

Hakuwa amezoea. Nilimwona asubuhi, baridi ya kule juu imemkaza vidole, anasimama karibu na sufuria wakati majani ya chai yanachemka, anavuta mvuke kwa pua halafu anaondoka. Alitupikia sote. Akatumiminia sote. Kisha akaenda kwenye chupa yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na pia nilikasirika, kwa sababu mama yangu akitaka kukushinda hapigi kelele. Anajinyima kitu mbele yako mpaka ushindwe.

Nilitafuta njia ya katikati, kama mwoga yeyote. Niliteremka Nakuru mjini mpaka karakana yangu ya zamani. Bosi wangu wa zamani alifurahi, akanionyesha cherehani ileile, kiti kilekile chenye mguu mmoja mfupi. Nikakaa. Nikapitisha sindano kwenye turubai la lori, harufu ya viazi na udongo ikanijia, na mikono ikakumbuka kazi yote bila kuniuliza. Ningeweza kabisa kuishi pale. Nilishona upindo mmoja, nikainua macho, nikaona mlangoni upepo umeshika kipande cha turubai unakijaza na kukiacha, unakijaza na kukiacha. Nikalia. Bosi akadhani nimejichoma, akaniletea kitambaa.

Mambo yalikuwa wazi hivyo. Ama mimi niiache bahari, ama mama asinywe chai mpaka azikwe. Ilikuwepo njia ya tatu, nayo ilikuwa ukweli, lakini ukweli ungenishusha kutoka kwenye kiti nilichokalia tangu papa wa kwanza, kile cha mtu ambaye habari zake zinanyamazisha habari za mashine ya ngano. Nilikuwa nimekizoea kiti hicho. Niliona haya kujua kwamba nilikuwa napima kiti changu na kikombe cha mama kwenye mizani moja, tena mizani haikuinama haraka.

Jumapili mchungaji akatangaza muda wa ushuhuda, akanitazama. Kanisa lote likanitazama. Nyuma walikuwepo watu ambao sikuwahi kuwaona katika ibada yoyote. Walikuja kwa ajili ya samaki.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

Nilikuwa nimepanga kushukuru tu na kukaa. Lakini mama alikuwa safu ya pili, kitambaa chake cheupe kichwani, midomo imekauka kwa baridi, ananiangalia kwa fahari na hofu pamoja. Nikafungua mdomo, ukweli ukatoka wote. Nikasema pezi lilikuwa bawa la ubao uliopinduka, na mwenye ubao alikuwa ameushika. Nikasema yule mkubwa alikuwepo kweli lakini hula vidudu visivyoonekana, na mimi Mungu aliniumba nionekane. Nikasema sikumpiga samaki ngumi. Nikasema nilitaka tu kusikilizwa.

 Mtoto mmoja alipiga chafya. Mchungaji, mtu mwema, alisimama kuniokoa.

"Wapendwa, hata hivyo tuone ukuu wa Mungu! Aliufunga mdomo wa samaki!"

"Hapana, mchungaji," nikasema. "Ulikuwa wazi kabisa."

Watu walicheka, wengine wakaguna. Yule mzee wa ngumi alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Mama hakucheka. Aliinama akatafuta kitu ndani ya mkoba wake kwa muda mrefu sana, na najua mkoba ule huwa na leso na Biblia tu.

 Alisubiri mpaka tulipoingia jikoni na mlango ukafungwa.

"Miezi minane," akasema.

"Nisamehe, mum."

"Miezi minane! Nakunywa maji kama mgonjwa! Nimekosana na watu! Kumbe ni ubao umelala chali!"

"Na yule mwingine—"

"Yule mwingine anakula vidudu! Ng'ombe wangu ni mkali kuliko yeye!"

Alipiga meza, kikombe cha bati kikaruka. Nilikuwa sijawahi kumwona amekasirika hivyo, na sitaki kudanganya tena, nilifurahi kidogo. Hasira zile zilikuwa na nguvu za mtu anayekaribia kunywa chai.

Lakini nadhiri si kitu cha kuvunjwa kwa kelele. Mwenyekiti wa akina mama aliitwa, akaja na wenzake wawili, wakaketi wakalijadili jambo hilo kwa uzito wa mahakama ya rufaa. Mmoja alisema ahadi ni ahadi, awe samaki mkali awe mpole. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na kinyongo cha harusi na alitaka kumwona mama akinywa chai kwake kabla hajafa, aliamua kwamba mtu hawezi kufungwa na hofu aliyouziwa kwa uongo. Wakaomba. Wakamfungulia nadhiri. Mama akasema bado.

"Niangalie," akaniambia. "Wewe sasa, bila simu kukatika. Huko unakoenda, umeona samaki wa kukula mtu? Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mwenye meno?"

"Sijaona mwenye meno, mum."

Na ilikuwa kweli. Siku ile ilikuwa kweli.

Akainuka mwenyewe akaweka sufuria motoni. Maziwa, maji kidogo, majani kwa ngumi nzima. Aliimimina akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda la kwanza amefumba macho, na yule mwenyekiti akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Vikombe vitatu. Baada ya cha tatu akauliza kama kuna mtu amepiga simu Mau Narok, maana mashine ilikuwa na kikohozi. Nikajua nimesamehewa, na kiti changu kimeshachukuliwa.

Nikarudi pwani. Februari, Jumapili asubuhi, sina cha kushona, nikatoka peke yangu kupita nje ya mwamba ambako maji yanageuka kutoka kijani kuwa buluu nzito. Upepo ulikuwa mwembamba lakini ubao huu hauhitaji mwingi. Nilikuwa juu, kimya kabisa, nilipoona kivuli upande wangu wa kushoto. Nikatabasamu. Nikasema moyoni, habari yako, mla vidudu.

Hakuwa na madoa. Alikuwa wa kijivu, mnene mabegani, kichwa kipana, na mdomo wake haukuwa wazi. Alikwenda sambamba nami bila juhudi, akabaki nyuma, akatokea upande wa pili. Kisha upepo ukapungua. Sijui kama umewahi kuomba upepo. Mimi niliuomba kwa majina yote, kwa sababu tiara ikianguka ubao unashuka, na ubao ukishuka mimi ndiye ninayekuwa ndani ya maji. Nikaizungusha tiara juu kwa nguvu zangu zote, ubao unazama na kupanda. Kitu kikagonga bawa chini yangu. Niliusikia mguso ule ukipanda kwenye chuma mpaka kwenye nyayo, mpaka kwenye meno. Sikupiga kelele. Nilikuwa nasema "mum, mum, mum" kwa sauti ndogo, mtu mzima mimi, mpaka nikavuka mwamba, maji yakawa ya magotini, nikaanguka mchangani nikabaki nimelala.

Nahodha alikuja akaupindua ubao. Rangi ilikuwa imekwanguka kwenye ncha ya bawa, mistari minne iliyokaribiana. Akaipitishia kidole. Nilimsubiri acheke. Hakucheka.

"Yule ndiye papa mwenyewe," akasema. "Pumzika, dada. Kesho usitoke."

Mchana simu ikalia. Nilikuwa nimekaa kibarazani nimejifunika taulo, jua linawaka na mimi nasikia baridi ya Dundori. Sauti ya juu, meza nzima. Mashine ya ngano imepona. Imehamia shamba la jirani. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, na mama akaichukua simu mwenyewe.

"Na wewe, mami? Kuna maneno gani huko?"

Nilikuwa nayo sasa. Habari ya kweli, yenye meno, na alama kwenye chuma ya kuithibitisha. Meza yote ingenyamaza. Nilitaka sana kumwambia. Sikutaka sifa. Nilikuwa nimeogopa, na nilimtaka mama yangu.

Kwa upande wa pili nikamsikia anapuliza kikombe.

"Hakuna maneno, mum. Ni upepo tu, tena kidogo."

"Na hao samaki wako?"

"Wanakula vidudu vyao."

Alicheka, akavuta funda refu lenye kelele, kama anavyokunywa ikiwa moto sana na hawezi kungoja.

"Basi ngoja nimalize hii kabla haijapoa," akasema.

Hakukata simu. Nikaishika sikioni nikamsikiliza akinywa mpaka kikombe kikaisha.